Kadi za Akeyo

Kidole changu gumba na kile cha shahada havijui kukaa bure. Vinasuguana nikiwa kanisani, vinasuguana nikiwa kwenye foleni ya maji, na mume wangu anasema vinasuguana hata nikiwa usingizini. Asubuhi ya mtihani wangu wa tatu wa Kemia vilikuwa vikisuguana juu ya dawati kavu, bila tone la kitu chochote kati yake, mpaka Madam Kaveke, mwalimu wetu, aliyekuwa akigawa karatasi, akasimama akavitazama. Nikavificha chini ya dawati. Huko chini vikaendelea.

Ni mazoea ya kazi. Mimi hutengeneza sabuni ya maji pale Mashimoni, Kibera, mlango wa tatu kutoka kioski cha maji, na kwa miaka tisa vidole hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa maabara yangu. Nachovya, nasugua, najua. Asidi ikizidi, ngozi hukauka na kuwasha. Kostiki ikizidi, yaani yale magadi yanayochoma tunayotumia kuimaliza nguvu asidi, vidole hukosa kabisa kushikana. Vinateleza mpaka unahisi kama si vyako, na baada ya muda kidogo huja mchomo. Sabuni ikiwa sawa, husikii lolote. Hiyo ndiyo Kemia niliyoijua, na ilinilisha.

Ile nyingine, ya vitabuni, tulikosana nayo zamani. Kidato cha nne nilipata A ya Kiswahili na E ya Kemia, nikaolewa na Walubengo, fundi wa kuchomelea vyuma wa Laini Saba, nikadhani mimi na Kemia tumeachana kwa amani. Kumbe sivyo. Nikiwa na miaka thelathini na sita nilijikuta kwenye chuo kidogo kilicho juu ya duka la mabati huko Kawangware, mwaka wa kwanza, nimekaa na watoto wanaoniita Mathe, yaani mama. Mtihani wa Kemia ya Kwanza una maswali arobaini ya kuchagua jibu, na anayepata ishirini amepita. Mara ya kwanza nilipata kumi na saba. Mara ya pili kumi na nane. Kwa mwendo huo wa alama moja kila muhula ningehitaji mara ya nne, na mara ya nne haikuwepo. Anayeanguka mara tatu hufutwa kwenye kozi na jina lake hubandikwa mlangoni.

Aliyenisukuma chuoni ni Akeyo. Akeyo ni mama fua wa Kisumu Ndogo. Kila asubuhi alikwenda kuketi na wenzake kando ya barabara kule Kawangware, wakingoja kuitwa kwenye majumba ya watu kufua nguo, na alikuwa mteja wangu tangu nilipouza mtungi wa kwanza. Siku moja alinikuta nikipima kostiki kwa kikombe changu cha chai kilichovunjika mkono. Akauliza nilijuaje kwamba kipimo ni kikombe kimoja, si kimoja na nusu. Nikamwambia najua tu.

"Kujua tu," akasema. "Hata mimi najua tu siku moja nitakuwa tajiri. Enda usome hiyo kitu."

Nilipoanza masomo nilikata maboksi ya biskuti nikapata kadi mia moja na ishirini. Upande mmoja niliandika swali, upande wa pili jibu. Kila Jumapili baada ya kanisa Akeyo aliweka kigoda mlangoni pangu akanitahini. Yeye aliishia darasa la saba, na Kiingereza alikisoma kama kilivyoandikwa, herufi kwa herufi, kwa sauti ya mtu anayesoma waraka wa mtume mbele ya waumini. Hakuelewa swali wala jibu. Kazi yake ilikuwa kunisikiliza, kuigeuza kadi, na kulinganisha nilichosema na kilichoandikwa, na nikikosea neno moja alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Aliniita min Derrick, yaani mama yake Derrick kwa Kiluo, kwa jina la kifungua mimba wangu. Nilikuwa nikilisikia jina hilo kinywani mwake najiona kama nimezaliwa kwao.

Sasa kadi zote mia moja na ishirini zilikuwa kwake, na ilikuwa wiki ya tatu hatusemezani.

Nitasema yaliyotokea, ingawa wakati ule nilikuwa nikijisimulia kwa namna nyingine. Jumamosi moja muuzaji wangu wa kostiki aliniletea mzigo mpya. Ile ya zamani ilikuwa vipande bapa, kama magamba ya samaki. Hii ilikuwa chembe ndogo za mviringo, kama mtama. Sikuona neno. Nilijaza kikombe changu kama kawaida, nikakorogea kwenye maji, nikamimina kwenye ile asidi nzito ya rangi ya asali, nikakoroga mpaka bega likauma. Kisha nikachovya vidole.

Viliteleza. Viliteleza kuliko nilivyowahi kusikia, na kabla sijahesabu kumi ukaja mchomo kwenye kile cha shahada, pale penye kovu la kisu. Nilikata limau nikavisugua, nikavisuuza. Asidi ilikuwa imekwisha na kununua nyingine kungesubiri Jumatatu, na mitungi ilikuwa imeagizwa. Nikaongeza lita kumi za maji. Nikatia chumvi ili iwe nzito machoni, nikatia rangi ya kijani na manukato ya ndimu, nikajiambia imepungua ukali. Akeyo alikuja jioni ileile akabeba lita tano kichwani, akiimba.

Jumatano alinipigia simu kunitania kwamba siku hizi nauza maji yenye rangi, kwamba inambidi amimine mara mbili ndipo apate povu. Nikacheka naye. Ijumaa alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni hakuketi, akanyoosha mikono mbele kama mtoto anayekaguliwa kucha na mwalimu. Ngozi ilikuwa imetoka katikati ya vidole vyote. Kwenye kiganja cha kulia palikuwa na sehemu nyekundu, mbichi, iliyolowa.

"Ni sabuni yako," akasema.

Kulikuwa na wateja wawili ndani. Sitasingizia wateja, lakini walikuwepo. Nilimuuliza kama hakuchanganya na dawa ya madoa. Akasema hakuchanganya. Nikamwambia watu kumi na wawili wamenunua sabuni ileile na hakuna aliyelia. Nikamwambia labda ni mafuta mapya anayojipaka, labda ni maji ya kule majumbani, labda mikono yake imekuwa laini siku hizi. Nikamwambia, na hili nililisema kwa sauti ya chuo, ya mtu aliyesoma, kwamba niliongeza maji mengi, na kitu ukishakiongeza maji hakiwezi kuwa kikali. Yeye, siku tatu mfululizo mikono ndani ya beseni tangu asubuhi hadi alasiri, alikuwa ananisikiliza.

"Sawa, Mama Derrick," akasema.

Mama Derrick, kwa Kiswahili, kama anavyoniita mwenye nyumba. Akaondoka na mkoba wake, na kadi zangu, ambazo yeye ndiye aliyezitunza, zilikuwa ndani ya mkoba.

Tangu siku ile sikupata kutulia. Nilifungua kitabu nikakifunga. Nilianza kukoroga sabuni nikaacha mwiko ndani. Nilitoka kwenda dukani nikafika nikasahau nilichofuata, nikanunua kiberiti kwa aibu. Tulikuwa na viberiti saba. Ile sabuni iliyobaki sikuiuza na wala sikuimwaga. Niliifunika kwa gunia, na sikutaka kujiuliza kwa nini, kama ilikuwa njema, nilikuwa nimeifunika. Walubengo aliuliza mara moja tu kama nimemwona Akeyo, akauona uso wangu, akarudi kwenye mageti yake.

Mara mbili nilikwenda Kisumu Ndogo kufuata kadi. Nilifika mpaka kwa wauza omena, wale dagaa wa ziwani, pale harufu inapoanza, nikajifanya nataka omena. Nilirudi nyumbani na omena.

Basi asubuhi ya mtihani niliamua kwenda kwa miguu. Mwendo ni wa saa nzima na zaidi, lakini kukaa kwenye kiti nilijua sitaweza. Nilipanda kutoka Mashimoni, nikavuka Barabara ya Ngong, nikashika ile ya Naivasha kuelekea Kawangware, midomo yangu ikijisomea ninachokumbuka. Namba ya protoni. Uzito wa moli moja. Asidi hutoa, besi hupokea. Hili la besi, yaani kinyume cha asidi, kama kostiki, lilinipa shida muhula mzima, maana kwetu besi ni pale vijana wanapokaa kutwa wakitafuna miraa, na besi hiyo haipokei kitu ila salamu. Nilijikumbusha Akeyo alivyolicheka. Nikaacha kujisomea.

Pale kando ya barabara akina mama fua walikuwa wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, leso mapajani. Nilimtafuta kwa macho huku nikijitia hamnazo. Valary, aliyekuwa akikaa naye ndoo kwa ndoo, aliniona.

"Ukimtafuta Akeyo, hayuko," akasema. "Hajakuja tangu siku ile. Atakuja kufua na nini?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema akivuta leso yake ifunike magoti, akaendelea kuangalia magari kama yatapunguza mwendo. Nilimwambia nina mtihani. Akasema Mungu anisaidie. Niliondoka nikitembea haraka, halafu nikajikuta nakimbia, mwanamke mzima na begi mgongoni, na ilikuwa imebaki nusu saa nzima.

Kwenye ngazi za chuo nilimkuta Whitney, msichana wa miaka kumi na tisa tunayekaa dawati moja. "Mathe, niaje. Tulia bana," akaniambia, "utakunja hiyo kadi yako ya mtihani mpaka ikatike." Nilitazama mkononi. Nilikuwa nimeikunja mara nne.

Ndivyo nilivyoingia. Ndivyo vidole vyangu vilivyofika juu ya dawati, na ndivyo Madam Kaveke alivyoviona.

Madam Kaveke ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, anayevaa koti jeupe hata siku zisizo na maabara. Alitangaza kwamba tuna muda wa saa moja na nusu, akaketi. Nilianza vizuri. Swali la kwanza nililijua, la pili nililijua, la tatu lilikuwa kwenye kadi iliyomwagikiwa chai, nikamsikia Akeyo akilisoma kwa sauti yake ya waraka. La nne, la tano. La sita nilikisia. Guu langu lilikuwa likigonga sakafu na Whitney akanisukuma kwa kiwiko.

Swali la saba lilikuwa hivi. Mwanafunzi ana chombo chenye myeyusho wa kostiki. Anaongeza maji mpaka ujazo unakuwa mara mbili. Ni kauli gani iliyo sahihi? A, kostiki imekuwa besi hafifu. B, kiasi cha kostiki chomboni kimepungua nusu. C, myeyusho umepungua mkolezo, lakini kiasi cha kostiki ni kilekile na bado ni besi yenye nguvu. D, kostiki imemalizwa nguvu na maji.

Nilikuwa nimeshaweka alama kwenye A kabla sijamaliza kusoma. Ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza, ndivyo nilivyofanya mara ya pili, na Madam Kaveke alinirudishia karatasi zote mbili na mstari mwekundu pale pale. "Strong si concentrated, Jentrix," aliwahi kuniambia akikusanya vitabu. Nikaitikia, nikatoka bila kitu. Mitihani yetu ni ya Kiingereza na mimi kila neno hulipitisha kwanza kwenye Kiswahili, lugha niliyoiamini kwa sababu ilinipa A. Maneno yale yote mawili nilikuwa nayapitisha kwenye mlango mmoja. Kali. Chai yenye majani mengi ni kali. Asidi inayotoboa bati ni kali. Mteja wa Kibera ukimuuliza anataka sabuni gani atakwambia kali, huku akiipima mkononi kuona kama ni nzito. Kitu kikiwa kingi ndani ya maji machache, hiyo concentrated, kikali. Kitu chenyewe kikiwa na tabia ya kuuma, hiyo strong, kikali. Ukiongeza maji, ukali umekwisha. Mimi, mwenye A, sikuwahi kujiuliza ni ukali gani.

Nilitaka kugeuza ukurasa. Lakini lile neno, mwanafunzi, lilinishika. Mwanafunzi anaongeza maji. Nikamwona huyo mwanafunzi. Nilimwona amesimama Mashimoni Jumamosi, mlango wa tatu kutoka kioski, kipande cha limau mkononi, anamimina lita kumi akisema imepungua ukali.

Kostiki ilikuwa imekwenda wapi? Sijui kama niliuliza kimoyomoyo au midomo ilisogea. Haikuwa imekwenda popote. Kila chembe niliyoimwaga mle ndani ilikuwa bado mle ndani, na kila moja na nguvu yake yote, maana si tabia yake kujigawa nusu. Niliipa tu nafasi kubwa ya kuogelea. Na Akeyo, kwa kuwa sabuni ilimwonekania nyepesi, alimimina mara mbili. Maji niliyoongeza mimi yeye aliyaondoa kwa kumimina mara mbili, na kilichobaki kikaenda kwenye mikono yake chote.

Nilifuta. Nilifuta A kwa raba mpaka karatasi ikawa nyembamba na kuanza kuchanika, nikatia alama kwenye C. Nilikuwa nimelielewa jambo ambalo nilikuwa nikilitafuta kwa mihula mitatu, na furaha haikuja. Nilitamani nitoke nje nikaangue kilio kwenye ngazi, na maswali thelathini na matatu yalikuwa mbele yangu.

Niliyafanya. Sitasema nilikuwa shujaa. Niliyafanya kwa sababu mlango ulikuwa mbali na Madam Kaveke alikuwa karibu. Nilikalia mkono wa kushoto ili usisuguane na chochote. Swali la kumi na tisa lilitaka uzito wa kostiki kwa gramu, na hapo nikapata pigo la pili, dogo, la pembeni. Gramu, si kikombe. Magamba bapa hulaliana ovyo na kuacha nafasi kubwa katikati. Chembe kama mtama hujaa mpaka kwenye pembe. Kikombe kilekile kisicho na mkono kilikuwa kimebeba kostiki zaidi, na nilipojaza kama kawaida hapakuwa na kawaida tena. Akeyo aliuliza hilo zamani, nikamwambia najua tu.

Nilipomaliza la arobaini sikurudia hata moja. Nilisimama, kiti kikapiga kelele, vichwa vikainuka. Madam Kaveke alitazama saa.

"Umebakisha dakika ishirini," akasema. "Mara mbili zilizopita nilikunyang'anya karatasi."

Nikamwambia nimemaliza. Aliipokea, akaipitisha macho bila kuonyesha lolote, akafika kwenye swali la saba. Aliinua karatasi kidogo kwenye mwanga wa dirisha, ukaonekana mwanga ukipenya pale nilipofuta.

"Hapa ulibadilisha mawazo."

"Ndiyo, Madam."

Alingoja kama kwamba nina la kuongeza. Nilikuwa nalo, ila lilikuwa la Akeyo. Akaiweka karatasi yangu kifudifudi juu ya meza, ya kwanza, peke yake. Matokeo ni baada ya majuma mawili.

Nilirudi kwa miguu vilevile. Jua lilikuwa limepanda na mimi nilikuwa nikitunga maneno njiani. Nilitunga utangulizi mzuri, kisha nikauona unajitetea, nikauacha. Nilitunga mwingine wenye machozi. Kufika kwa wauza omena nilikuwa sina hata mmoja, na mama mmoja aliyenizoea akaanza kunipimia kopo. Nikamwambia leo sikufuata omena.

Akeyo alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wake, miguu nje. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa vitambaa vilivyochanwa kutoka kwenye leso ya zamani, na ncha za vidole vilivyotokeza ziling'aa mafuta. Alishika kikombe cha chai kwa vifundo vya mikono, kama mtu anayeshika kitu asichotaka kukigusa. Hakushangaa kuniona. Alisogea kidogo, si kunipa nafasi ya kuketi, ila nisimzibie mwanga.

"Mama Derrick," akasema. "Mtihani ilikuwa leo."

"Ilikuwa leo."

"Umepita?"

Nikamwambia sijui. Halafu nikasema, kabla sijapoa, "Akeyo, ilikuwa sabuni."

"Hiyo najua," akasema. "Mikono iliniambia."

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya vizuri. Lakini nilikuwa nimebeba jambo zima tangu Kawangware na lilikuwa linanikaba. Nilimweleza. Nilimweleza magamba na mtama, kikombe na gramu. Nilimweleza kwamba maji hayaimalizi kostiki, asidi ndiyo huimaliza, kwamba yalikuwa maneno mawili na mimi nilikuwa na moja. Nilichora hewani kwa vidole. Nilimweleza kumimina kwake mara mbili, na nikajikuta nasema kwa sauti ileile ya chuo niliyoitumia siku ile. Watoto wawili waliokuwa wakicheza hapo nje walisimama kunisikiliza.

Akeyo alinywa chai mpaka mwisho.

"Umemaliza kufundisha?" akauliza.

Niliona haya. Ndani ya nyumba redio ya jirani ilisikika kupitia ukuta wa bati. Nilitaka kumwambia kwamba nitamfulia, kwamba nitakwenda kukaa kwenye ndoo yake kando ya barabara mpaka apone, kwamba ile sabuni nitaimwaga leo hii, na yote ni kweli, lakini niliona kuwa angekuwa bado hajasikia alichokuwa akikingoja.

Aliweka kikombe chini kwa uangalifu. Aliingiza mkono nyuma ya mlango akavuta kopo kubwa la mafuta ya kupikia, lisilo na mafuta. Kadi zangu zilikuwa humo, zimepangwa wima, zimefungwa kwa raba ya chupi. Hakuweza kuifungua ile raba. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akanizuia kwa kichwa. Akaivuta kwa meno. Akahangaika na kadi ya kwanza, ikamponyoka, akaichukua tena, mpaka akaishika katikati ya vidole viwili vilivyofungwa, akaiinua mbele ya uso wake kama alivyofanya Jumapili zote.

Lakini hakuisoma. Alinitazama mimi kwa juu ya kadi.

"Min Derrick," akasema. "Swali. Siku ile ukiniambia ni mikono yangu. Ulikuwa unajua?"

Vidole vyangu vikaanza. Niliviona vikianza na sikuvificha, na yeye pia aliviona. Ningeweza kusema sikujua, kwa sababu lile neno sikuwa nalijua, na kwa karatasi ya Madam Kaveke jibu hilo lingepata alama. Watoto walikuwa bado wamesimama. Mmoja aliuliza mwenzake ni swali la nini.

"Nilijua inateleza," nikasema. "Vidole vyangu nilivisugua limau. Kuhusu vyako sikukwambia neno."

Akeyo hakutikisa kichwa. Aliigeuza kadi taratibu kwa vile vitambaa vyake, akatazama upande wa pili, kuona kama nimepata.